Insha ya kuomba nafasi katika vyuo vya Marekani si insha ya mtihani

Mwanafunzi wa Kenya aliyefanya mtihani wa KCSE hahitaji kumweleza mtu yeyote yeye ni nani ili apate nafasi katika chuo kikuu cha umma. KUCCPS, shirika lililochukua mahali pa bodi ya uteuzi ya JAB baada ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012, hutazama gredi ya jumla, alama za masomo yanayohusiana na kozi aliyoichagua, na idadi ya nafasi zilizopo. Tarakilishi hufanya hesabu, kisha majina yakatangazwa. Hakuna mahali panapomuuliza mwombaji anapenda nini, au ni jambo gani lililowahi kumfanya abadili mawazo yake.

Ndiyo maana mwanafunzi huyo huyo anapoamua kujaribu bahati yake Marekani, hukwama akifika kwenye sehemu ya insha. Gredi zake ni nzuri na walimu wako tayari kumwandikia barua za mapendekezo, lakini fomu inamtaka aandike kumhusu yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, kwa maneno yasiyozidi 650. Kwa kuwa hajawahi kuombwa jambo kama hilo, huandika insha aliyoizoea, yaani ile ya mtihani. Hapo ndipo wengi wenye uwezo hupotezea nafasi.

Na nafasi zenyewe ni haba. Mwaka 2024, Chuo Kikuu cha Harvard kilipokea maombi zaidi ya 54,000 na kuwakubali watu wasiofika 2,000. Kwa mwanafunzi wa Kenya asiye na karo, vyuo vinavyomfaa zaidi ndivyo hivyo vyenye ushindani mkali. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vyuo vichache ambavyo huwateua wanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, kisha vikawapa msaada wa fedha kulingana na mahitaji ya familia. Katika kundi kubwa la waombaji ambao karibu wote wana alama za juu, alama pekee haziwezi kumtofautisha mmoja na mwingine. Kitu kingine lazima kifanye kazi hiyo.

Vyuo vingi hutumia fomu ya pamoja iitwayo Common App, iliyoanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15 na ambayo sasa inatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Mwombaji huchagua swali moja kati ya saba na kuandika insha ya maneno 250 hadi 650. Maswali yenyewe ni mapana: jambo katika asili au vipaji vyake ambalo bila hilo maelezo yake hayatakamilika, tatizo au kushindwa alikopitia, imani aliyowahi kuihoji, tendo la mtu lililomfanya ashukuru, tukio lililomkomaza, mada inayomvutia hadi akasahau saa, au jambo lolote analolitaka. Chuo chenyewe huweza kuongeza maswali yake mafupi. MIT haitumii fomu hiyo kabisa. Ina fomu yake yenye maswali kadhaa mafupi badala ya insha moja ndefu.

Inafaa kujua desturi hii ilitoka wapi, maana haikuanza kwa nia safi. Mwanzoni mwa karne ya 20, vyuo vikubwa vya mashariki mwa Marekani viliteua wanafunzi hasa kwa mitihani. Idadi ya vijana wa Kiyahudi waliofaulu ilipoongezeka, rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alipendekeza mwaka 1922 kuwe na kiwango maalumu cha kuwapunguza. Pendekezo hilo lilikataliwa, lakini miaka michache baadaye chuo kilianza kutilia mkazo kitu kilichoitwa tabia ya mwombaji, na vyuo vya aina hiyo vikaanza kudai picha, barua za mapendekezo na maelezo ya kibinafsi. Kigezo kisichopimika kilikuwa njia rahisi ya kuwafungia watu mlango bila kusema sababu.

Mabishano kuhusu kigezo hicho hayajaisha. Katika kesi dhidi ya Harvard iliyosikizwa mwaka 2018, ilibainika kwamba maafisa wa chuo hicho humpa kila mwombaji alama za masomo, za shughuli za nje ya darasa, za michezo, na alama za nafsi yake, na kwamba insha huchangia katika alama hizo za mwisho. Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vyuo haviwezi tena kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo. Hata hivyo, Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba uamuzi huo haumzuii mwombaji kueleza jinsi rangi yake ilivyoathiri maisha yake, mradi maelezo hayo yafungamane na ujasiri, uongozi au sifa nyingine aliyo nayo yeye kama mtu binafsi. Tangu hapo uzito wa insha umeongezeka badala ya kupungua.

Sasa, insha ya mtihani ina kazi yake, na walimu wanaoifunza hawana kosa. Msahihishaji wa karatasi ya insha hutafuta msamiati, methali zilizotumiwa mahali pake, tamathali za usemi, hijai na sarufi. Mwanafunzi hujifunza kuanza na jua lililochomoza kwa madaha na ndege waliotumbuiza mitini, na kumaliza kwa funzo. Katika Kiingereza mambo ni yale yale: maneno mazito na nahau zilizokaririwa tangu darasa la sita. Anayefanya hivyo vizuri hupata alama, kwa sababu mtihani unapima lugha.

Afisa wa chuo cha Marekani hapimi lugha kwa insha ile. Lugha amekwisha kuipima kwa gredi na mitihani mingine. Anachotafuta ni kujua mtu huyu hufikiri vipi, huona nini ambacho wengine hawakioni, na itakuwaje kukaa naye darasani na bwenini kwa miaka minne. Ana mafaili mengi na dakika chache kwa kila moja. Jua likichomoza kwa madaha katika aya ya kwanza, amekwisha kupoteza sehemu ya kumi ya insha bila kujua lolote kuhusu mwandishi.

Kosa la pili ni kubwa kuliko hilo, na kulieleza kunahitaji uangalifu. Waombaji wengi kutoka Kenya huamini kwamba Wamarekani wanataka kusikia habari za umaskini. Basi insha hujaa safari ya kilomita nane kwenda shuleni, taa ya koroboi, kufukuzwa kwa sababu ya karo na mlo mmoja kwa siku. Mara nyingi yote ni kweli. Tatizo ni kwamba umaskini si sifa ya mtu. Ni hali aliyomo. Watoto elfu moja wa kijiji kimoja huweza kuandika insha hiyo hiyo bila kubadilisha hata sentensi, na msomaji akamaliza akiwa na huruma nyingi na ufahamu mdogo. Huruma haimpi mtu nafasi chuoni.

Haina maana kwamba dhiki ifichwe. Yapo mambo ambayo chuo lazima kiyajue: kifo cha mzazi kilichoshusha alama za kidato cha tatu, ugonjwa, au muhula uliopotea. Lakini fomu ya Common App ina sehemu ya maelezo ya ziada, na humo mambo hayo yaweza kusemwa kwa sentensi nne zilizonyooka, bila machozi. Aidha, hakuna mwanafunzi anayedaiwa kuanika jeraha lake kwa mgeni ili apate elimu. Aliyeshuhudia ghasia za baada ya uchaguzi akiwa mtoto ana haki ya kuandika kuhusu mchezo wa bao.

Mfano huenda ukafafanua zaidi. Chukua msichana ambaye mamake ana kibanda cha bidhaa za nyumbani katika mtaa mmoja wa Bungoma. Rasimu yake ya kwanza inaanza na mama anayeamka saa kumi alfajiri. Inaendelea na karo iliyokosekana, msichana akirudishwa nyumbani mara tatu katika kidato cha pili, lakini hakukata tamaa. Inamalizika kwa ahadi ya kuwa daktari na kuisaidia jamii. Haina uongo wowote, na haina mtu ndani yake.

Akiulizwa maswali kwa subira, msichana huyo anataja jambo ambalo hakudhani lina maana. Alipokuwa na umri wa miaka 14, mama alimkabidhi daftari la madeni. Alijumlisha, akashtushwa na jumla aliyoiona, akaandika tangazo ambalo kila Mkenya amelisoma kibandani: mkopo leo hakuna, njoo kesho. Baada ya wiki mbili, mauzo ya pesa taslimu yalikuwa yameshuka pia. Waliokopa sukari katikati ya mwezi ndio waliokuwa wakinunua unga kwa pesa mwezi ulipoisha, na sasa walikuwa wamehamia kibanda cha pili. Mama aliling'oa tangazo bila kusema neno.

Msichana alirudi kwenye daftari. Alianza kuandika si deni tu, bali pia tarehe lilipolipwa. Baada ya miezi michache aliona kwamba mwendeshaji bodaboda, ambaye kila mtu alimwona hatari, alilipa vipande vidogo vidogo lakini hakukosa hata wiki moja, ilhali mteja mwenye mshahara ndiye aliyelipa wa mwisho kila mara. Yeye na mamake wakaacha kukopesha kwa kutazama sura, wakaanza kukopesha kwa kutazama daftari. Jambo moja tu hakulielewa: kulikuwa na mjane mmoja aliyechukua mkate kila Jumamosi, na mama hakuwahi kuruhusu jina lake liandikwe.

Hiyo ndiyo insha. Umaskini umo, maana kibanda ni kibanda, lakini haukutangazwa. Msomaji ameona mtoto anayehesabu, anayekosea, anayetafuta ushahidi na anayebadili uamuzi wake. Hajaambiwa kwamba mwandishi ni mdadisi au ana bidii, ameyaona mwenyewe. Ikiwa msichana anataka kusomea uchumi, hana haja ya kulisema kwa sauti. Na inaweza kuishia kwa mjane yule na mkate wake, swali likiwa bado wazi, jambo ambalo msahihishaji wa mtihani angelikata alama kwa kukosa hitimisho.

Habari kama hizi hazipatikani kwa kukaa na kujiuliza ni tukio gani kubwa lililomfika mtu. Wengi hawana tukio kubwa wakiwa na umri wa miaka 18, na wenye nalo mara nyingi hawajapata muda wa kulielewa. Hupatikana kwa kuorodhesha mambo madogo: kazi anayoifanya mtu nyumbani bila kutumwa, kitu alichokibomoa ili kuona kilivyo ndani, mabishano ambayo hakuyasahau. Unahodha wa shule, ambao takriban kila mwombaji hujivunia, huwa mada dhaifu isipokuwa ikiwa kuna uamuzi mmoja mgumu ambao nahodha huyo aliufanya na anaweza kuueleza, pamoja na walioumizwa nao.

Msamiati wa Kenya hauna haja ya kuondolewa. Matatu ibaki matatu na ugali ubaki ugali. Kinachotakiwa ni vifungu viwili vitatu vya maneno vinavyomwezesha mtu wa Ohio kufuata. Kinachomchanganya zaidi ni mambo ya shule, kama vile masomo ya ziada ya alfajiri, mikondo ya darasa, au kwa nini mtu alifanya mtihani mwaka mmoja na kuomba chuo mwaka uliofuata. Hapa mwalimu anayejaza ripoti ya shule ana kazi kubwa kuliko anavyodhani. Akieleza wanafunzi walikuwa wangapi, wangapi walipata A, na shule ina vitabu na maabara kiasi gani, mwanafunzi hulazimika kueleza machache. Barua za mapendekezo nazo zisipingane na insha. Mwanafunzi aliyejieleza kuwa mpole na msikivu akaelezwa na mwalimu kuwa kiongozi asiyepingika humwachia msomaji kitendawili.

Maswali ya ziada ya vyuo yanahitaji kazi ya aina nyingine. Stanford huwaomba waombaji barua fupi kwa mtu watakayelala naye chumba kimoja. Chuo Kikuu cha Chicago, kinachojulikana kwa maswali ya ajabu, kiliwahi kuwapa swali la maneno mawili: tafuta x. Swali la kawaida zaidi ni kwa nini mwombaji anataka chuo hicho hasa, na hapo wengi hujibu kwa kukisifu, kwamba ni maarufu, kina walimu hodari na mandhari ya kupendeza. Chuo chajua sifa zake. Jibu lenye uzito hutaja kitu kimoja au viwili ambavyo viko hapo na haviko kwingine, kama vile mtaala usio na masomo ya lazima au maabara ya udongo, na kukiunganisha na jambo ambalo mwombaji amekwisha kulianza. Jibu ambalo lingeweza kutumwa kwa chuo kingine kwa kubadilisha jina tu halijajibu swali.

Yupo atakayesema kazi hii yote ni ya watoto wa matajiri, ambao hulipiwa washauri tangu kidato cha kwanza. Lawama hiyo ina ukweli. Hata hivyo, Kenya ina mifano ya kuonyesha kwamba ushauri mzuri huweza kumfikia asiye na kitu. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwanahabari Mmarekani John Manners pamoja na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mbio za mita 800 katika Olimpiki za Munich mwaka 1972, umewaandaa vijana wa Bonde la Ufa waliofaulu KCSE na kuwawezesha kuingia katika vyuo vya juu kabisa vya Marekani. Vijana hao hawakupewa insha. Walikalishwa chini na kuulizwa maswali.

Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu njia ya mkato ipo na iko karibu. Mwaka 2019, gazeti la New York Times lilieleza jinsi Wakenya waliosoma wanavyolipwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani kazi zao za darasani, na mwaka 2024 filamu ya The Shadow Scholars, inayomfuata mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Patricia Kingori, ikaangazia biashara hiyo hiyo. Katika nchi yenye kalamu nyingi za kukodishwa, mzazi anayetafuta mtu wa kumwandikia mwanawe hatakosa. Lakini mwandishi wa kukodi hakuwahi kushika lile daftari la madeni, kwa hiyo atarudi kwenye koroboi na kilomita nane.

Programu za akili unde kama ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, zimeifanya njia hiyo kuwa ya bure. Zaweza kusahihisha sarufi au kumsaidia mtu kuelewa swali. Zikiandika insha yenyewe, hutoa Kiingereza kisicho na kasoro na kisicho na mwenyewe. Tangu 2023, kanuni za Common App huhesabu kuwa ni udanganyifu mtu kuwasilisha maandishi ya akili unde kama yake, na chuo kikigundua udanganyifu chaweza kuliondoa ombi au kufuta nafasi iliyotolewa.

Aliye na nia ya kuomba Uingereza pia asitume insha hiyo hiyo huko. UCAS, shirika la uteuzi la nchi hiyo, linataka maelezo kuhusu somo lenyewe. Kwa wanaoingia chuoni kuanzia mwaka 2026, maelezo hayo yamegawanywa katika maswali matatu: kwa nini mwombaji anataka kozi hiyo, masomo yake yamemwandaaje, na nini kingine amefanya nje ya darasa kinachomsaidia. Jumla ni herufi 4,000, pamoja na nafasi kati ya maneno. Mhadhiri wa fizikia anayeisoma huenda asivutiwe sana na mjane na mkate.

Kuhusu muda, vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya mapema Novemba 1, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Anayeanza Julai ana nafasi ya kuandika, kuiacha rasimu wiki mbili, kuisoma kwa sauti na kuondoa kila sentensi ambayo hangeweza kuitamka mbele ya rafiki yake. Wasomaji wawili wanatosha: mmoja anayemjua vizuri, aseme kama sauti ni yake, na mmoja asiyemjua, aseme ni wapi hakuelewa. Wakizidi hapo, kila mmoja hufuta kitu na kuongeza chake. Mwisho, kabla ya kutuma, kila jibu lisomwe tena pamoja na jina la chuo lililomo, kwa sababu kila mwaka kuna waombaji wanaoieleza Princeton jinsi walivyoota maisha yao yote kusomea Yale.